Upande Wako wa Garimoshi

Katandala, Sumbawanga

Leokadia mwanangu,

Jioni hii tulipokuwa tunakula uliniuliza, "Baba, nibaki?" Nami nikainamia bakuli la maharage kana kwamba ndani yake mna saa mbovu ya kutengeneza. Mama yako alinitazama kwa lile jicho unalolijua, akaniongezea ugali ambao sikuuomba, na mazungumzo yakaishia hapo. Sasa mmelala wote wawili, mizigo yako iko mlangoni, na jibu lako bado ninalo. Nimeona niliandike, maana kwa mdomo nitaliharibu.

Mambo ya blanketi, ya kufunga sanduku kwa kamba, ya kutonunua vyakula dirishani basi likisimama Laela, mama yako ameyamaliza na mengine ameyarudia. Kuhusu baridi ya huko chuoni Mbeya sina la kukufundisha. Mtoto aliyekulia Ufipa hatishwi na baridi ya mtu. Mimi nataka kukuambia habari za lile garimoshi letu dogo la mezani. Najua utasema unazijua kwa sababu ulikuwepo. Lakini zipo zilizokuwa upande wangu wa meza, na hizo hukuziona.

Ulikuwa bado darasa la pili pale yule Mzungu fundi wa karakana ya misheni alipomaliza mkataba wake na kuanza kugawa vitu. Nilikuwa nimemtengenezea saa yake ya ukutani mara nyingi. Siku moja akaja dukani na boksi la kadibodi, akaliweka mbele yangu kwa mikono miwili. "Fundi," akasema, "hiki nilikinunua nikiwa kijana nikakiogopa. Sijawahi kukianza. Wewe huna woga." Alikosea, nilikuwa na woga mwingi, ila sikutaka kumkatalia mtu anayeaga.

Ndani ya boksi hamkuwa na garimoshi. Mlikuwa na mabamba ya shaba ya njano, membamba mno, na kwenye kila bamba vipande vimechorwa na kukatwa nusunusu, vikiwa vimeshikiliwa na vijishikizo vya kuvunja: milango, ngazi, kuta za chumba cha dereva. Magurudumu yalikuwa yamefungwa kwenye karatasi laini, na kila spoku ilikuwa imesimama peke yake. Palikuwa na mota ya umeme isiyozidi kidole gumba. Na palikuwa na ribiti, Leokadia. Unazikumbuka zile ribiti, vile vichwa vya misumari inayoshikilia mabamba? Ndogo kuliko punje ya ulezi, na kila moja ilitakiwa isukumwe kwa ncha ya sindano kutoka nyuma ya bamba, moja moja, upande hadi upande. Mimi nimezoea kazi ndogo, saa ndiyo maisha yangu. Lakini aliyechora michoro ile alikuwa ameziweka hata ribiti za chini ya tumbo, ambazo kitu kikishakamilika hakuna jicho litakaloziona tena. Nilikaa nayo mapajani mpaka mwanga wa dirishani ukaisha. Nilijiuliza ni mtu wa namna gani anayekiheshimu chombo kiasi hicho, na nikajiona mdogo, lakini udogo wenyewe ulikuwa mtamu.

Na mimi mwenyewe treni nilikuwa sijaiona hata siku moja. Reli haikupanda huku kwetu. Nilikuwa najenga kitu kwa kusadiki tu.

Zilikuwa siku zile za ruksa, biashara ilipofunguliwa. Maduka ambayo tulikuwa tunapanga foleni ya sabuni yakaanza kujaa vitu mpaka barazani, na miongoni mwa vitu hivyo zikawemo saa za betri. Za bei ya chini, za rangi zote. Mtu alikuwa anapita dukani kwangu makusudi anionyeshe mkono wake: "Fundi, hii unaionaje?" Namwambia ni nzuri. Na ilikuwa nzuri kweli, ilikwenda sawasawa kuliko saa yoyote niliyowahi kuitia ufunguo. Ikifa, wanaitupa na kununua nyingine. Nilikuwa nakaa pale mezani asubuhi hadi jioni na lenzi yangu jichoni, hakuna cha kukitazama. Basi nikaleta lile boksi.

Hapo ndipo nilipofanya kosa la kwanza, nalo nililitoa kwa babu. Babu yangu wa Mpui alikuwa mtoto wa wapika chuma. Wewe umeliona lile tanuri la udongo lililobaki juu ya kilima, refu kuliko mtu, lile wazee waliloliita ilungu. Kila nilipopita pale nikiwa mdogo nilikuwa napunguza hatua. Watu waliovaa nguo za gome walichukua udongo mwekundu, wakauweka humo pamoja na makaa, na chini kikatoka chuma. Mpaka leo nikilifikiria hilo nywele zinanisimama. Lakini babu alisema wakati wa kupika wanaume walilala huko huko mlimani, mbali na wake zao, na mwanamke hakuruhusiwa kusogea, la sivyo chuma kingegoma kutoka. Nami, mjukuu wake, nikiwa na shaba kutoka Ulaya na pasi ya kulehemu, nikauchukua mwiko huo nikauleta Katandala. Nikawakataza wewe na mama yako msiikaribie meza. Babu hakuwahi kuniambia kama mwiko ule unahusu na vitu vya kwenye boksi, na mimi sikumuuliza.

Mwiko wenyewe uliuvunja bila kujua. Nilikuwa nimepoteza filimbi, kale kafilimbi ka juu ya paa, nimetambaa sakafuni mpaka magoti yakachubuka. Ulikuja kuniita nile. Ukasimama, ukanitazama nilivyo chini, ukasema, "Baba, ni hiki kilichoko kwenye pindo la suruali yako?" Nilicheka mpaka nikakaa chini. Kesho yake nikakuwekea kigoda upande wa pili wa meza. Mimi nilishika pasi, wewe ulishika kibano, na mkono wako haukutikisika hata risasi ya kulehemu ilipochemka karibu na vidole. Nilikuwa nakuibia macho. Nilikuwa nasema moyoni, huyu mtoto ametoka wapi?

Halafu tukafika kwenye magurudumu, na ule ukurasa wa maelezo ulikuwa umeliwa na panya.

Ilitakiwa kujua pini za magurudumu zikae vipi, zile zinazoshika vyuma virefu vya kuunganisha gurudumu na gurudumu. Upande wa kushoto una pini zake, wa kulia una zake. Pini za kulia ziwe wapi wakati za kushoto ziko juu? Nikainua macho, nikaiona baiskeli yangu imeegemea ukutani. Pedali moja juu, nyingine chini. Nikaona jambo limekwisha. Mtu wa Sumbawanga ukimwambia habari ya chuma kinachozungushwa pande mbili, atafikiria nini kingine kama si baiskeli? Nikazibana pini hivyo, nikaunganisha waya na betri ya gari, nikawaita mje mwone.

Liligeuka nusu mzunguko likakwama.

Nilitengeneza tena, likakwama pale pale. Nikadhani matundu ya vile vyuma yamebana, nikayapanua kwa tupa kidogo, nikayapanua tena, mpaka vyuma vikawa vinachezacheza, na bado likakwama. Miezi. Siku moja, mbele ya mama yako, nikaweka tupa chini nikasema kwamba babu alikuwa na haki, chuma hakitaki mkono wa kike. Ulikuwa umekaa kwenye kigoda chako na kibano mkononi. Ulikiweka mezani polepole, ukaenda kunawa mikono, na msimu wote wa mvua hukurudi.

Mama yako hakunawa mikono. Yeye alisema, "Baba Leokadia, hilo shati ulilovaa limenunuliwa na mkono gani? Livue basi, lisije na lenyewe likagoma." Niliokota tupa yangu. Shati lilikuwa la kwake, na sukari, na ada yako. Tangu saa za betri ziingie yeye ndiye alikuwa anakwenda Tunduma na kurudi juu ya malori na marobota ya mitumba, uso mzima vumbi. Nami lori lilipopiga honi pale nje nilikuwa najifanya nina kazi. Nilikuwa namwacha ateremshe mzigo na vijana wa mtaani. Nilimkasirikia kwa kutulisha, mwanangu. Sijui kama kuna kosa la kijinga kuliko hilo.

Ndipo ikaja harusi ya mjomba wako Tabora. Njia nzima hadi Mpanda tulikuwa hatusemezani, mimi na wewe, mama yako katikati akitugawia karanga. Treni ya Mpanda ilipoanza kuondoka ulishika mkono wangu bila kukumbuka kwamba umenikasirikia. Sikutikisika, nikaogopa utakumbuka.

Asubuhi ya pili yake Tabora nilikuomba unisindikize stesheni. Nilikuwa nimesikia kuna kichwa cha garimoshi la zamani la mvuke kimeachwa kwenye njia ya pembeni. Mlinzi alikuwa mzee wa makamo, anakula muhogo wa kuchoma. "Mnataka kuliona lile?" akasema. "Nendeni tu. Halina ugomvi tena."

Leokadia, wewe ulikuwepo, lakini sijui wewe uliona nini. Mimi niliona ngazi ambayo nilikuwa nimeilehemu kwa kibano, na ilikuwa imenipita kichwa. Niliona ribiti, zile zile, kila moja kama ngumi yangu, zimepangwa vile vile nilivyozipanga. Nyasi zilikuwa zimeota kati ya magurudumu, na kutu imeushika mwili wote, lakini hapakuwa na kipande nisichokijua jina. Nilikuwa nimekijua kitu kile kwa vidole kabla ya kukutana nacho. Nikavua kofia, na kabla sijajizuia nikaliambia, "Shikamoo."

Ulicheka. Kwa mara ya kwanza tangu siku ile, ulicheka, na mlinzi naye akacheka kule aliko. Kisha ukazunguka ukaenda upande wa pili, mimi nikabaki wa huku. Lile dude lilikuwa katikati yetu, sikuoni, hunioni.

"Baba, ya kwako iko wapi?" ukaniita.

"Pini? Iko juu kabisa."

"Ya kwangu iko mbele."

"Haiwezekani. Iko chini, tazama vizuri."

"Baba, nimetazama. Iko mbele, imelala."

"Tazama tena wewe mtoto! Baiskeli..."

"Si baiskeli hii, baba. Njoo uone."

Nilikuwa nabishana na wewe kuhusu upande ambao siuoni. Hilo ndilo nililolifikiria nikiwa nazunguka pua ya lile garimoshi, na nilipofika nikakuta ni kama ulivyosema. Robo mzunguko. Si nusu. Ukarudi upande wangu kuhakikisha na mimi nikabaki wako, tukaitana tena, tukabadilishana tena, mpaka mlinzi akauliza kama tumepoteza kitu.

Nilikaa kwenye reli nikaelewa. Chuma kikisukuma gurudumu, kuna mahali pamoja kinalala sambamba na kukosa nguvu kabisa, wala hakijui kiende mbele au kirudi nyuma. Kila upande una mahali hapo, haukwepeki. Mimi nilikuwa nimezipanga pande zote mbili zifike hapo kwa wakati mmoja. Waliolijenga waliziachanisha kwa robo, ili upande mmoja ukiwa umekwama mwenzake awe yuko kwenye nguvu zake zote na auvushe. Nililia pale, ukadhani ni kwa ajili ya mota yetu. Nilikuwa namfikiria mama yako juu ya lori.

Tuliporudi nyumbani, siku lori lilipopiga honi nilitoka nje, nikabeba robota mgongoni. Mama yako aliuliza kama naumwa. Sikuwahi kumweleza sababu. Ukipenda mwandikie wewe ukiwa Mbeya.

Siku ya kulitembeza tena sikuita mtu. Ulibana pini wewe mwenyewe, robo mzunguko, huku mimi nimeshika ekseli, kile chuma kinachobeba magurudumu. Nikagusisha waya. Liliondoka, mwanangu. Liliondoka taratibu, vile vyuma vikipanda na kushuka kila upande kwa zamu yake, likatembea meza nzima bila kusita, kimya, na lilipofika mwisho wa reli uliliwekea kiganja mbele kulizuia kama unavyomzuia mtoto anayejifunza kutembea. Mama yako alikuwa ametokea mlangoni na unga mikononi. Akasema tu, "Linatembea." Akakaa juu ya robota, akaomba tulirudishe alione tena. Tulilitembeza mpaka betri ikaisha nguvu, na hakuna aliyekumbuka chakula. Kitu ambacho watu nisiowajua walikifikiri, nchi nisizozijua, kilikuwa kinatembea juu ya meza yangu Katandala kwa sababu mtoto wangu alikataa kukubali kwamba pini iko chini. Nimewahi kupiga magoti kanisani bila kusikia moyoni kile nilichosikia siku ile.

Sasa nije kwenye lile swali lako.

Nimejua kwa nini umeuliza. Hukuuliza kwa sababu unaogopa chuo. Umeuliza kwa sababu umeliona jicho langu la kulia, la lenzi, lilivyofifia. Unafikiri sijui kwamba zile saa chache zinazokuja bado unazimalizia wewe baada ya mimi kufunga duka. Najua. Asubuhi nakuta skrubu imekazwa kwa mkono ulio mtulivu kuliko wangu, nami namrudishia mwenye saa napokea sifa. Nimekuwa naishi kwa macho yako muda mrefu kuliko tulivyowahi kukiri.

Na barua ya chuo ilipokuja nilifurahi kwa sauti mbele za watu, kisha nikaenda uani nikaomba Mungu lipatikane jambo la kukuzuia. Siyo ugonjwa, sikuombea ugonjwa. Niliomba mvua, niliomba daraja likatike. Mimi ni mtu wa namna hiyo, uwe unajua.

Ukibaki, duka litaendelea mwaka, labda miwili. Utakuwa umekaa kwenye kiti changu, lenzi yangu jichoni mwako, ukitazama saa za watu wanaozidi kupungua. Nitakula vizuri, nitakuwa na wa kuongea naye. Hakuna atakayeona ubaya wowote. Na sote wawili tutakuwa tumelala mahali pamoja, kwa wakati mmoja, hakuna wa kumvusha mwenzake. Hilo nimelijenga mara moja kwa mikono yangu na nimeliona likigoma.

Kwa hiyo usibaki. Ndilo jibu. Nenda ukajifunze umakanika, ukazishike injini zinazopiga kelele, na mtu akikuambia kwamba chuma hakitaki mkono wa kike mwambie hayo yalishasemwa kwenu na yakakanushwa. Mimi nitakuwa na mama yako. Ameshaniambia wiki ijayo tutakwenda wote Tunduma, eti nikachague makoti kwa kuyashika, kwamba vidole vyangu vinajua kitambaa kizuri hata jicho lisipoona. Nilichukia nilipoambiwa. Sasa hivi, nikiandika, naona nataka kwenda.

Limebaki moja, nalo ndilo lililoniondoa kitandani.

Mimi najijua. Maneno haya nayaandika nikiwa nimetulia na nyumba imenyamaza. Lakini alfajiri nitakapokuona umevaa lile koti la bluu, sanduku limeinuliwa, mdomo huu unaweza kusema, "Leokadia, hebu ngoja kidogo, basi lipo na kesho." Ninaweza hata kulishika jicho langu, nikaguna. Ninaweza kulia. Nikifanya hivyo usinijibu, na usimtazame mama yako usoni. Niamkie mara moja, nipite, upande basi. Atakayekuwa amesimama pale mlangoni atakuwa baba yako kweli, na atakuwa anakupenda kweli, lakini usimtii.

Barua hii naisukuma chini ya mlango wako sasa hivi, kabla akili yangu haijabadilika.

Baba yako,
yule wa usiku huu.